Mwongozo: Kuchagua Eneo la Kiwanda na Kusimamia Ardhi na Majengo Yake

Mashine ikikushinda unaiuza na kuleta nyingine. Bidhaa isiyouzika unaiacha. Kiwanja hakina mlango wa kutokea kirahisi hivyo. Ukishamwaga zege, ukafunga transfoma na wafanyakazi wakahamia jirani, kosa ulilofanya siku ya kuchagua utalilipia kila mwezi: kwenye ankara ya umeme, kwenye dizeli ya malori, kwenye kesi na majirani. Nimewatafutia wenye viwanda maeneo na kuwasimamia majengo kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha ni kuona mtu akitumia miezi minane kulinganisha mashine, halafu kiwanja akakichagua kwa wiki moja kwa kuwa dalali kamwambia kuna mteja mwingine njiani.

Mpangilio ninaoufuata una kanuni moja: anza na mambo ambayo pesa haitaweza kuyabadilisha baadaye.

Hatua ya 1: Weka kiwanda kwenye karatasi kabla hujatazama kiwanja

Chukua karatasi moja tu. Andika tani za malighafi zinazoingia kwa siku na tani za bidhaa zinazotoka. Andika lita za maji, kilowati za umeme saa ambayo mitambo yote inafanya kazi kwa pamoja, idadi ya malori, idadi ya watu kwa kila zamu, aina ya taka na moshi, uzito wa mashine nzito kuliko zote na kimo cha iliyo ndefu kuliko zote. Pembeni mwa kila takwimu weka unayoitarajia baada ya miaka 10.

Kwenye umeme usiridhike na jumla ya kilowati. Mota ya kawaida ya kiwandani, ikiwashwa moja kwa moja, huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Ukiwa na kinu au kompresa kubwa kwenye laini dhaifu, volti zitashuka kila unapoiwasha, na taa za majirani zitafifia. Mhandisi wa umeme akuandikie mzigo wa kawaida, mzigo wa kilele na mzigo wa kuwasha, kila mmoja peke yake. Karatasi hiyo ndiyo utakayompa dalali, mhandisi wa majengo, shirika la umeme na benki. Itakuzuia pia usipende kiwanja kwa sababu ya barabara nzuri tu.

Hatua ya 2: Jua kiwanda chako kinavutwa na nini

Mwaka 1909 mchumi Mjerumani Alfred Weber alieleza kipimo ambacho bado kinafaa: linganisha uzito wa malighafi inayopatikana sehemu chache na uzito wa bidhaa itakayotoka. Malighafi ikizidi, kiwanda huvutwa kule inakotoka, maana hakuna faida ya kulipia usafiri wa uzito utakaopotelea tanurini. Ndiyo sababu viwanda vya saruji hukaa karibu na machimbo. Tani moja ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, huhitaji takriban tani 1.5 za mawe ya chokaa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutoka kama hewa ya ukaa. Miwa nayo hutoa sukari takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na utamu huanza kupungua mara tu inapokatwa, kwa hiyo kiwanda humfuata mkulima shambani.

Vinywaji ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na maji hupatikana mahali pengi, hivyo mtengenezaji husogea karibu na wanywaji. Aluminiamu hufuata umeme: tani moja hula takriban kilowati-saa 13,000 hadi 15,000. Iceland haina boksiti, udongo wenye madini ya aluminiamu, lakini imekuwa na kiyeyushio cha aluminiamu tangu 1969, kwa kuwa ni nafuu zaidi kusafirisha malighafi kwa meli kuliko kuupeleka umeme wake ng'ambo.

Wapo wanaovutwa na mafundi na wenzao wa biashara. Mji wa Koromo nchini Japani ulibadili jina ukaitwa Toyota mwaka 1959, na watengenezaji wa vipuri wakajazana kuuzunguka kwa sababu vipuri vilitakiwa kufika saa vinapohitajika. Kama wewe ni muuzaji wa mteja mmoja mkubwa wa namna hiyo, eneo lako tayari limeshachaguliwa kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni kutafuta kiwanja ndani ya mwendo wa saa moja au mbili kutoka kwake.

Hatua ya 3: Kata kwanza, kisha toa alama

Wengi hutengeneza jedwali la alama lenye vigezo 20, wakajumlisha, na kiwanja chenye jumla kubwa kikashinda. Hatari yake ni kwamba kodi nafuu na mandhari nzuri vinaweza kufunika ukweli kwamba hakuna maji. Gawa kazi mara mbili. Weka masharti machache ya lazima: umeme wa kutosha au tarehe iliyoandikwa ya kuufikisha, maji, njia ya lori zito mwaka mzima, usalama dhidi ya mafuriko, na ruhusa ya kisheria ya kuendesha kiwanda cha aina yako mahali hapo. Kiwanja kinachoshindwa sharti moja kinatoka, hata kama ni cha bure.

Vinavyobaki vilinganishe kwa namba moja, yaani gharama ya bidhaa moja hadi inapofika kwa mteja, ikiwemo pango au mkopo wa ardhi, usafiri wa kuja na kwenda, umeme, maji, mishahara, ulinzi na utupaji taka. Misamaha ya kodi iingize mwisho kabisa. Piga hesabu bila msamaha, uone kama kiwanda kinasimama, ndipo uuongeze. Msamaha una tarehe ya mwisho, na kiwanda kitaendelea kuwepo baada yake.

Hatua ya 4: Nenda kiwanjani, na urudi tena

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Ramani haikuoneshi tope.

Nenda mara ya kwanza mchana wa kawaida, mara ya pili usiku, na mara ya tatu wakati mvua inanyesha au mara tu baada ya kunyesha. Niliwahi kuingia kwenye bohari lililokuwa limepakwa rangi mpya nyeupe ndani nzima. Lilipendeza sana. Nilipofungua boksi la swichi karibu na mlango wa nyuma, nikakuta ndani yake mstari wa tope kavu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, kwenye kimo cha kiuno changu. Rangi ilikuwa imeficha alama ukutani, ila hakuna aliyekumbuka kupaka ndani ya boksi. Tangu siku hiyo huwa nafungua kila boksi la swichi, naangalia nyuma ya makabati na chini ya ngazi, na naangalia kama mota za pampu zimeinuliwa juu ya majukwaa. Watu wanaofurikiwa huinua vitu vyao.

Mafuriko hayachagui kiwanda kikubwa wala kidogo. Mwaka 2011 maji yalifunika maeneo saba ya viwanda katika mikoa ya Ayutthaya na Pathum Thani nchini Thailand. Kiwanda cha magari cha Honda kilikaa karibu miezi 6 bila kuzalisha, na kwa kuwa watengenezaji wakubwa wa diski za kompyuta walikuwa wamekusanyika huko, bei za diski zilipanda duniani kote. Waulize wazee wa eneo maji yalifika wapi mwaka ule mbaya zaidi wanaoukumbuka, kisha mpimaji akupe mwinuko wa sehemu hiyo ukilinganisha na sakafu unayotaka kujenga.

Kuhusu umeme, usimuulize mwenye kiwanja. Nenda kwa mwenye kiwanda jirani, umwombe kwa heshima akuoneshe daftari la jenereta lake. Kila jenereta lina mita ya saa. Soma saa zilizotumika mwaka jana, na utajua umeme wa eneo hilo ulivyo kuliko barua yoyote ya ahadi. Ukiwa hapo, muulize pia anachomwa na nini: maji, wizi, barabara, au majirani. Wenye viwanda husemezana ukweli kwenye mambo haya, kwa kuwa shida ni zao wote.

Barabara ipime kwa lori. Kontena la futi 40 lina urefu wa karibu mita 12.2, na likiwa juu ya trela pamoja na kichwa chake unapata gari la mita 16 hivi. Panda lori lenyewe kutoka bandarini, stesheni au barabara kuu hadi getini. Andika kila daraja na uzito linaoruhusiwa, kila waya uliolegea, kila kona ambapo dereva analazimika kurudi nyuma. Halafu tazama getini: je, lori linaweza kusimama lote ndani ya uzio likisubiri kukaguliwa, au mkia wake utabaki barabarani?

Kisima kipimwe mwisho wa kiangazi, kwa pampu inayofanya kazi mfululizo si chini ya saa 24 huku kina cha maji kikiandikwa. Kipimo cha saa mbili baada ya masika hakikwambii lolote. Udongo nao utobolewe na mtaalamu kwenye sehemu kadhaa za kiwanja, hasa zile utakazoweka mitambo mizito. Udongo wa mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka unaweza kukuongezea gharama ya msingi mpaka kiwanja cha bei rahisi kikawa ghali kuliko vyote.

Mwisho tazama majirani. Kiwanda chenye kemikali, moshi au kelele kinahitaji nafasi kati yake na makazi, na nafasi hiyo iwe ya kisheria, isiyoweza kujengwa kesho. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984 huko Bhopal, India, gesi yenye sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za wadudu na kuua maelfu ya watu. Wengi wao walikuwa wakiishi kwenye vibanda karibu kabisa na ukuta wa kiwanda. Uzembe wa ndani ndio ulioiachia gesi. Ukaribu wa nyumba ukaongeza maiti. Unapochagua eneo unachagua pia nani ataumia siku mambo yakiharibika, na hilo ni deni lako hata kama sheria ya mahali hapo imenyamaza.

Hatua ya 5: Chunguza karatasi

Wakili wako, asiye wa muuzaji, athibitishe hati kwenye masjala ya ardhi, aone kama kuna rehani, zuio la mahakama, au haki ya njia inayokata kiwanja katikati. Mpimaji atembee mipaka na kuchomeka alama. Halmashauri ithibitishe kwa maandishi kuwa matumizi ya viwanda yanaruhusiwa. Tathmini ya athari kwa mazingira ianze mapema, kwa kuwa huchukua muda.

Jambo moja husahaulika hapa: historia ya udongo. Kama palikuwa na karakana, kiwanda cha ngozi, matangi ya mafuta au betri, sumu inaweza kuwa bado ipo chini. Pima udongo na maji ya ardhini kabla ya kusaini, na uhifadhi ripoti. Usipokuwa na ripoti ya siku ya kuingia, siku ya kutoka utadaiwa uchafu wa waliokutangulia.

Hatua ya 6: Kununua, kupanga au kujenga

Kama mitambo yako ni mizito na kuihamisha kungekugharimu karibu sawa na kununua mingine, miliki ardhi au uwe na mkataba mrefu kuliko maisha ya mitambo. Kama kazi yako ni kuunganisha, kushona au kufungasha, na soko linabadilika, panga jengo la mtu. Mtaji ulioganda kwenye kuta hautanunua malighafi. Wapo pia wanaouza jengo lao kisha wakalipanga kutoka kwa aliyenunua ili wapate fedha za kupanua uzalishaji. Njia hiyo inafaa kwa mwenye mpango wa fedha hizo. Kwa anayeziba mashimo ya hasara ni kuahirisha tu, na sasa atakuwa na pango juu yake.

Jengo lililopo linaweza kukuokolea miaka. Kule Fremont, California, General Motors ilifungua kiwanda cha magari mwaka 1962, ikakifunga 1982, Toyota na General Motors wakakitumia pamoja kuanzia 1984, na mwaka 2010 Tesla ikakinunua. Kilichohama mkono mara zote hizo ni sakafu imara, paa pana, umeme na reli, vitu ambavyo kila mtengenezaji wa magari anavihitaji.

Lakini jengo la kazi nyingine ni hatari. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilijengwa kwa ajili ya maduka na ofisi, likaongezwa ghorofa bila kibali, likawekwa cherehani na majenereta mazito juu. Nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Kesho yake wafanyakazi waliamriwa kuingia, jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Usiweke mashine yoyote kwenye ghorofa bila hesabu ya mhandisi wa miundo iliyoandikwa na kutiwa saini.

Hata sakafu ya chini ina mipaka. Foklifti, gari la kuinulia mizigo, ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4, na ikiwa imebeba, karibu uzito wote hulalia magurudumu mawili ya mbele. Pita na nyundo ndogo ukigonga sakafu, hasa kwenye viungo na pembe za zege. Sauti tupu inaonesha udongo umeshuka chini yake. Pima pia nafasi kati ya nguzo na kimo hadi chini ya boriti. Kimo ni kitu usichoweza kukiongeza baadaye.

Ukijenga mwenyewe, ushauri wangu ni kwamba jengo la kwanza lisile zaidi ya nusu ya kiwanja. Liache upande mmoja bila choo, bila transfoma na bila tangi, ili siku ya kupanua ubomoe ukuta mmoja tu.

Hatua ya 7: Mkataba wa pango

Nitakueleza kosa langu. Nilipitisha mkataba wenye maneno "mpangaji atafanya matengenezo yote". Nilidhani ni vitasa na taa. Mwaka wa tatu paa likaanza kuvuja juu ya mashine, mabati yakiwa yamechakaa tangu kabla hatujaingia, na mwenye jengo akatuonesha kifungu kile. Mwajiri wangu alilipia paa jipya la jengo la mtu mwingine. Sasa huwa nataka mkataba utaje kila kitu kwa jina lake: paa, nguzo, msingi, mifereji, transfoma, kisima, uzio, barabara ya ndani. Mbele ya kila kimoja liandikwe jina la anayetengeneza na la anayebadilisha.

Mengine ya kutaka kwa maandishi ni uwezo wa umeme uliotengwa kwa ajili yako, haki ya kutoboa sakafu na kufunga mitambo, ruhusa ya kupangisha sehemu usiyoitumia, haki ya kuongeza muda, kanuni ya kupandisha pango, na hali ambayo jengo litarudishwa. Mitambo iliyofungwa kwa bolti itamkwe wazi kuwa ni mali yako. Siku ya kukabidhiwa piga picha kila chumba, paa likiwemo, pande zote mbili mtie saini.

Kama hesabu zako hufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu (IFRS), kumbuka kuwa tangu 1 Januari 2019 kiwango cha IFRS 16 kinataka karibu kila pango la zaidi ya miezi 12 lionekane kwenye mizania kama mali na deni. Mwambie mhasibu kabla ya kusaini, maana deni hilo linaweza kugusa masharti ya mkopo wako wa benki.

Hatua ya 8: Kusimamia baada ya kuhamia

Fungua daftari moja la mali zote za ardhi na majengo, hata kama ni mawili tu. Kila jengo liwe na ukubwa, hati au mkataba, tarehe ya mwisho ya pango, tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa ya kuongeza au kuvunja mkataba, vibali, bima na jina la mtu mmoja anayewajibika. Tarehe ya taarifa huja mapema kuliko ya kumalizika, mara nyingi kwa miezi 6 au 12, na ndiyo inayopotea. Iweke kwenye kalenda za watu wawili.

Kabla hujaomba jengo jipya, pita sakafuni na chaki. Andika tarehe ya leo kwenye kila mashine iliyozimwa, kila rundo la mbao za kubebea mizigo, kila katoni iliyolala. Rudi baada ya miezi 6. Kilicho na chaki ambayo haijaguswa kinakaa bure kwenye nafasi unayoilipia. Nimeona viwanda vikiahirisha upanuzi kwa miaka baada ya zoezi hili tu. Inasaidia pia kila idara ikatwe kwenye bajeti yake gharama ya mita za mraba inazozikalia.

Paa likaguliwe kabla ya msimu wa mvua na baada yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 10,000 likipata milimita 50 kwa jioni moja hubeba lita 500,000. Mfereji mmoja ulioziba kwa majani na kiota cha ndege unatosha kuyarudisha maji hayo ndani, juu ya paneli za umeme. Paneli zenyewe zipigwe picha kwa kamera ya joto mara moja kwa mwaka mitambo ikiwa inafanya kazi, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata joto kabla kasoro yake haijaonekana kwa macho. Milango ya dharura ifunguliwe kila wiki, kwa mkono, na mtu aliyepewa kazi hiyo.

Tembea mipaka kila robo mwaka. Anayejenga kibanda kwenye kona ya kiwanja chako mwezi huu ni rahisi kuzungumza naye. Baada ya miaka mitano atakuwa na familia, wateja na wakili.

Hatua ya 9: Kuondoka

Anza mwaka mmoja kabla. Ondoa matangi yaliyozikwa na mabomba yake, jaza mashimo ya misingi, safisha mifereji ya maji taka hadi kwenye shimo la mwisho, kisha upime tena udongo palepale ulipopimwa siku ya kuingia. Wafanyakazi waambiwe mapema, kwa uso na kwa barua, pamoja na tarehe na haki zao. Wengi wao walijenga maisha karibu na geti lako. Siku ya kukabidhi mpitie jengo pamoja mkiwa na picha za mwanzo mkononi, msome mita ya umeme na ya maji, muandike namba zote mbili, mtie saini, ndipo utoe funguo.